Matairi Manne na Soda ya Bure

Psss.

Ilikuwa sauti ndogo, kama ya mama anayemnyamazisha mtoto chumba cha pili, ila hii haikukatika ili kuvuta pumzi. Inspekta alifumbua macho gizani, akatega sikio bila kujitikisa. Pembeni yake mumewe, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akikoroma mkoromo wake wa siku zote, wenye mikato na vituo kama insha iliyokwisha kusahihishwa. Si yeye.

Basi ni gesi. Alishuka kitandani, akanyata hadi jikoni, wala hakuwasha taa. Penye shaka ya gesi mtu hagusi swichi. Akainama akaunusa mtungi. Hamna kitu. Akapapasa mdomo wa bomba la maji. Mkavu. Alipotulia katikati ya jiko ndipo alipotambua kwamba sauti yenyewe haisikiki tena. Akarudi chumbani: psss.

"Ahaa," alinong'ona.

Sauti inayosikika kitandani na isisikike jikoni haimo ndani ya nyumba. Iko dirishani. Na nje ya lile dirisha, katika ua mwembamba uliobana kama korido, palikuwa na kitu kimoja tu: gari lao.

Alitoka na tochi. Tairi la mbele la kushoto lilikuwa limekwisha kulala, na gari limeinamia upande huo kama mtu aliyevua kiatu kimoja. Inspekta hakulisogelea mara moja. Jana jioni mwenye shule moja ya mjini, ambaye dereva wa kibasi chake alikuwa mahabusu kwa ajali, alimpigia simu na kumwambia kwa sauti laini, "Inspekta, wewe una familia. Kesi iko wazi kama mchana, unajisumbulia nini?" Maneno hayo alilala nayo, na sasa ameamka nayo. Kwa hiyo tochi ilikwenda kwanza kwenye lango. Komeo liko mahali pake. Ikashuka kwenye mchanga wa ua, uliolowa umande. Nyayo zilikuwa za mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amevaa kandambili za Inspekta mwenyewe.

Hakuna aliyeingia. Vitisho vya mwenye shule vilikuwa vya mdomo tu.

Alichota maji ya sabuni katika kopo, akayamimina juu ya tairi, akachuchumaa kusubiri. Kama ni msumari, mapovu yangetokea pale mpira unapokanyaga ardhi. Hayakutokea huko. Yalichemka ubavuni, madogo madogo, yakijipanga kama shanga. Alipopafuta kwa kitambaa, kitambaa kikatoka cheusi tii. Chini ya rangi hiyo palikuwa na nyufa nyembamba zilizopishana, kama matope ya dimbwi lililokauka.

"Pancha?" Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, shuka begani.

"Siyo pancha. Uzee."

"Uzee wa wapi, Mama Chiriku! Hayo matairi nimeyanunua mwaka jana kwa mkono wangu huu. Mapya! Yalikuwa na vile vinyweleo vya mpira vimesimama kama ndevu za mbuzi. Nikachagua moja moja, nikanusa."

"Ukanusa?"

"Nikanusa. Tena nikapewa soda ya baridi, bure. Na vinyweleo wakavinyoa, vilevile bure, eti visipige kelele barabarani. Duka gani siku hizi linakunyolea tairi bure?"

"Ndilo ninalojiuliza," alisema Inspekta, akizima tochi, maana huko juu ya paa mbingu ilikuwa imeanza kuwa kijivu.

Kulipokucha waliteremsha tairi la akiba, lile lililokuja na gari na ambalo halijawahi kuonja lami. Mwalimu alikuwa akihangaika na jeki, Inspekta akilegeza nati, na binti yao wa miaka sita, ambaye hakuna aliyemwita jina jingine zaidi ya Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyopumzika, alikuwa amechuchumaa mbele ya tairi la akiba akiwa bado na nguo za kulalia. Alikuwa ametumbukiza kidole katika mmoja wa mitaro ya mpira, akikisukuma mbele.

"Brrrm. Brrrm. Tuta! Brrrm... Tuta tena! Abiria shikeni viti!"

Spana ya Inspekta ilisimama. "Tuta lipi, mwanangu?"

"La barabarani. Hili hapa. Weka kidole chako, usiendeshe kwa fujo."

Inspekta aliweka kidole. Kweli, chini kabisa ya mtaro, kinundu cha mpira kilikuwa kimeukata mtaro kutoka ukingo hadi ukingo, kama tuta la barabara mbele ya shule. Akainua macho akafuata mstari wake hadi begani mwa tairi. Hapo palikuwa na pembetatu ndogo iliyochapwa kwenye mpira, ncha yake ikielekea kwenye kinundu. Akalizungusha. Kila penye pembetatu, kidole kilikuta tuta.

Akaligeukia tairi lililotoka. Pembetatu zipo. Kidole kikaingia mtaroni, kikateleza, kikateleza, kikamaliza mzunguko bila kukutana na chochote.

"Labda matuta yameliwa na barabara," mumewe alisema.

"Barabara inakula kutoka juu, Baba Chiriku. Kinundu kiko chini ya shimo. Mpira unaisha, unaisha, mpaka unalingana nacho, ndipo unajua tairi limekuwa kipara. Kinundu ndicho kinachobaki mwisho. Hapa kimeondoka chenyewe, kingo zimebaki." Alipitisha ukucha katika mtaro. "Humu hakijapita kitu ila kisu cha moto. Mtu amechukua kipara, akakichonga mitaro upya kwa kufuata mistari ya zamani, akapaka rangi. Hakujua kwamba matuta yana kazi, akayapitia."

Kisha akalilaza tairi upande ule uliokuwa umetazama ndani ya gari. Hapo, ambapo hakuna mteja anayeinama kutazama, palikuwa na tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa, wiki na mwaka. Alizisoma, akamgeukia binti yake.

"Chiriku, una miaka mingapi?"

"Sita! Na nusu!"

"Basi mwamkie, huyu ni mkubwa wako."

"Shikamoo tairi," alisema Chiriku, akaenda kutafuta viatu.

*

Kibasi cha shule kilikuwa nyuma ya kituo cha polisi, pua yake imebonyea. Kilipasuka tairi la mbele kwenye mteremko wa soko, kikaparamia ukuta. Watoto hawakuwa wamepandishwa bado, ila yaya wa kibasi alivunjika mguu. Dereva wake, mzee aliyeitwa Taratibu, alikuwa mahabusu kwa kuendesha kwa kasi ya hatari. Mji mzima ulilicheka shtaka hilo kabla ya kulihuzunikia. Taratibu! Mtu ambaye kobe humpa salamu, kisha akampita. Lakini mkaguzi wa magari alikuwa amepima kina cha mitaro ya matairi matatu yaliyosalia, akakuta yanatosha, akaandika kwamba ni mapya. Na tairi jipya halipasuki lenyewe. Basi ni mwendo. Mwenda pole hajikwai, alisema mwenye shule, na huyu amejikwaa.

Inspekta alipiga magoti kwenye changarawe, akapitisha kidole katika tairi la kwanza, la pili, la tatu. Sajini wake, kijana mrefu mwenye haraka ya kufurahi, alisimama kando yake.

"Vipi, afande?"

"Pembetatu zipo, matuta hakuna. Yamechongwa yote."

"Haya! Tumemaliza. Tukamfungulie mzee wa watu."

"Pole pole. Ndiyo kwanza tumemkaza." Alijifuta magoti. "Mwenye shule anasema alinunua matairi mapya akamwachia Taratibu ayafungishe. Sasa matairi yaliyoko kwenye gari ni vipara vilivyochongwa. Gari lilikuwa mikononi mwa nani?"

Tabasamu la Sajini likashuka kama tairi la alfajiri. "Watasema mzee ameyauza mapya akafunga haya."

"Hawatasema. Watashangilia."

Taratibu aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa ameshika suruali kiunoni, maana mkanda ulikuwa umechukuliwa mapokezi. Alikaa polepole, kama alivyofanya kila kitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepata chai? Unaonekana umeamka mapema."

"Nimeamshwa na tairi. Nieleze ya kwako. Aliyachagua nani?"

"Mimi na tajiri wangu, tulikuwa pamoja. Yalikuwa na vinyweleo, yananukia upya. Tajiri akalipa, akaenda zake."

"Na wewe?"

"Nikasubiri yafungwe."

"Uliwaona wakifunga?"

"Ah, nyuma hawaruhusu mteja. Gari linazungushwa uani, lango linafungwa. Wanasema ni usalama, jeki isije ikamwangukia mtu. Nilikaa mbele, kibarazani, kwenye feni."

"Ukifanya nini?"

Mzee alitazama chini kwa aibu, kama aliyeulizwa jambo la utoto. "Nikanywa soda. Wanatoa bure."

Inspekta aliegemea mbele. "Na gari liliporudi, vinyweleo vilikuwepo?"

"Walikuwa wamevinyoa. Eti vinapiga kelele." Taratibu aliinua macho. "Mwanangu, mimi nina swali moja. Jumatatu nani atawachukua watoto? Yuko mmoja anatapika asipokaa mbele. Mtu mgeni hatajua."

"Ataelezwa, mzee."

"Amwekee mfuko mapajani. Asimkaripie."

Mkuu wa upelelezi alikuwa mtu wa maneno machache na sukari nyingi. Alikoroga chai yake muda wote Inspekta alipokuwa akieleza.

"Kwa hiyo," alisema mwishoni, "mteja anachagua mapya mbele, anafungiwa yaliyochongwa nyuma."

"Ndiyo, Mkuu. Na upande wenye tarehe wanaugeuza ndani. Mume wangu na Taratibu hawajawahi kuonana. Watu wawili wanaweza kudanganya, lakini hawawezi kubuni soda moja na kinyozi mmoja."

"Wakili wa lile duka atakuambia nusu ya mji imekunywa soda hiyo, na haijapasukiwa. Siwezi kuvunja mlango wa mtu kwa sababu ya soda, Inspekta. Jumatatu jalada linaingia mahakamani, na kwa haya uliyoniletea linaingia na shtaka la wizi juu yake. Unataka nilizuie? Niletee tairi. Lililoingia likiwa hivi, likatoka vile. Mbele ya macho yako."

*

Walikwenda dukani saa nne asubuhi, familia nzima, kama familia nyingine yoyote ya Jumamosi: baba mwenye shati la mikono mifupi, mama mwenye mkoba mkubwa, mtoto mwenye maswali. Sajini alitangulia. Alikuwa mkabala na lango la duka, amepindua baiskeli miguu juu, akijifanya anarudisha mnyororo. Amejipaka grisi hadi kwenye masikio.

Njiani Inspekta alikuwa amewaza juu ya alama. Chaki ingefutika, maana matairi huoshwa na kupakwa rangi. Mkwaruzo wa kisu ungeonekana. Karatasi ya gundi ingebanduliwa. Alama nzuri ni ile ambayo mchongaji mwenyewe hajui kuwa ni alama, na hiyo kiwanda kilikwisha kuiweka.

"Mwalimu!" Muuza matairi alifungua mikono kama anayepokea wajomba. Alikuwa mnene, msafi, shati jeupe kati ya mali nyeusi. "Wateja wa kweli hurudi. Na leo umemleta bosi wako."

"Bosi amekuja mwenyewe," alisema Inspekta. "Safari hii nachagua mimi."

"Ndivyo inavyotakiwa! Wanaume wanaangalia bei tu."

"Mimi niliangalia ubora," mumewe alisema. "Nilinusa."

"Alinusa, mama. Mimi ni shahidi."

Duka lilinukia mpira mpya na sakafu iliyopigwa deki. Matairi yalipangwa hadi darini, na Chiriku alikwisha kuingiza kichwa katikati ya moja akimuuliza baba yake kama tairi lina mlango. Muuzaji alishusha la kwanza, pana, lenye maandishi meupe ubavuni.

"Hili hapa. Gari litasimama kama simba."

"Gari langu si simba. Linabeba mtoto, mkwe na magunia ya mkaa," Inspekta alisema. "Mlango wa dereva una kibandiko chenye vipimo vya tairi. Hili ni pana kupita kipimo. Nikikata kona litasugua bodi."

"Kidogo tu."

"Kidogo kwa nani?"

Muuzaji alicheka, akalirudisha. Akashusha la pili. Inspekta alisoma vipimo vyake, akatikisa kichwa: kipimo sawa, lakini namba ya uzito ni ndogo kuliko ya kibandiko. "Hili likibeba mkwe wangu na mizigo yake litalia." La tatu lilikuwa na mitaro membamba ya kupendeza. "Kwetu mvua ikinyesha barabara inakuwa mto. Maji yatapita wapi humu? Nataka lenye mitaro mipana, tena inayofika mpaka nje."

"Mama, wewe ulisomea haya?"

"Nasomea sasa hivi, kwako." Na haikuwa kejeli tupu. Siku nyingine angependa kukaa pale mpaka jioni, akigusagusa, akiuliza. Kumbe kitu ambacho watu hukipiga teke kabla ya safari kina anwani, umri na uwezo wake, vyote vimeandikwa ubavuni kwa mwenye kuinama.

Tairi la nne lilikuwa la kipimo chake, uzito wake, mitaro mipana. Vinyweleo vilikuwa vimesimama. Akalizungusha hadi akapata tarakimu za tarehe. Mwaka ni huuhuu. Akaomba manne ya namna hiyo, akakagua tarehe ya kila moja, na kila moja lilikuwa jipya kama mkate wa asubuhi.

Hapo ndipo shaka ilipompitia kwa mara ya kwanza. Muuzaji hakusita wala kutokwa jasho, na mkono wake haukwenda shavuni. Kila tairi mle dukani lilikuwa la haki. Je, kama Mkuu yuko sahihi, na soda ni soda tu?

"Brrrm," ilisikika kutoka chini. "Brrrm. Tuta!"

Chiriku alikuwa amepiga magoti kando ya matairi manne, kidole mtaroni.

"Anafanya nini huyu mrembo?" aliuliza muuzaji.

"Anaendesha gari," alisema Inspekta. "Kila tairi ni barabara yake. Mwache, akimaliza atatulia."

Chiriku aliyamaliza yote manne, moja baada ya jingine, na katika yote manne alipiga kelele za matuta hadi muuzaji akashika kitambi kwa kucheka. "Haya, dereva, shuka, tukayafunge!" Akapiga makofi. Vijana wawili wakayabingirisha matairi kupitia mlango wa nyuma, gari likazungushwa uani, na lango la bati likafungwa. Komeo lake lilisikika.

"Naweza kutazama?" Inspekta aliuliza.

"Usalama, mama. Jeki haina huruma. Kaeni kwenye feni hapo. Nawaletea soda."

Soda zilikuja zikitoa jasho la baridi. Mwalimu alimtazama mkewe, akaitazama chupa, akaitazama tena. Safari hii hakuionja. Chiriku aliimaliza ya kwake, akaomba ya baba.

Nyuma ya ukuta mashine ya upepo ilinguruma, ikanyamaza. Nyundo ikagonga. Maji yakamwagika. Inspekta alisikiliza kila sauti na kuipa kazi yake: hapo wanatoa ya zamani, hapo wanavalisha rimu, hapo wanaosha. Halafu ikaja sauti moja isiyo na kazi: mbingirisho wa matairi ukienda mbali, kuelekea pembe ya ua, ilhali gari liko karibu. Vitu vizito vinne vikapishana na vitu vizito vinne. Mwalimu naye aliisikia. Akafungua mdomo; mkewe akamkanyaga mguu taratibu, akaufunga.

Lango lilifunguliwa. Gari likaja mbele linang'aa, matairi meusi tii, kama viatu vya bwana harusi. Hakukuwa na kinyweleo hata kimoja.

"Tumewanyoa," alisema muuzaji, akiinua ufunguo. "Visiwapigie kelele."

"Upande wa tarehe mmeuweka wapi?" Inspekta aliuliza.

"Ndani, mama. Nje tunaweka upande wenye sura nzuri. Mafundi wetu ni wasanii."

"Naona. Na haya ndiyo yale niliyochagua?"

"Ah, mama!" Muuzaji aliweka mkono kifuani, akageukia wateja wengine waliokuwa kwenye feni, ili nao waonje utani. "Polisi na askari wa barabarani hawaulizi hivi. Mali yako umeichagua mwenyewe kwa macho yako. Upya wa tairi hauhitaji mkaguzi. Hata mtoto anauona. Si huyu hapa? Muulize mwenyewe."

Ng'ambo ya barabara, gurudumu la baiskeli lililokuwa likizunguka kwa uvivu lilisimamishwa na kiganja. Mwalimu aliweka chupa chini. Inspekta alimtazama binti yake, ambaye alikuwa na masharubu ya soda na hamu ya kwenda nyumbani, akamwaza mzee mmoja aliyeshika suruali kwa mkono, anayewaza mtoto anayetapika asipokaa mbele.

"Chiriku," alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwita mtu mezani. "Gari lako limesahaulika. Lipitishe safari ya mwisho, twende."

Chiriku alichuchumaa mbele ya tairi la kwanza, akaweka kidole mtaroni. "Brrrm," alianza. Kidole kikapanda na mviringo, kikapotea chini ya madigadi ya gari, kikarudi. Akakunja uso. Akahamia mtaro wa pili, safari hii bila mngurumo, akisukuma pole pole kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Akaenda tairi la nyuma. Muuzaji alikuwa bado anatabasamu, ila tabasamu lilikuwa limeganda mahali pake, halina mwenyewe. Kibarazani watu walikuwa wameacha kunywa.

Mtoto alikitoa kidole, akakitazama kilivyokuwa cheusi, kisha akainua uso.

"Mama, barabara hii haina matuta."